Maswali Yenu Kuhusu Vyombo vya Anga za Mbali

Makala ya toleo lililopita kuhusu Voyager 1 na Voyager 2, vyombo visivyo na watu ambavyo Marekani ilivirusha mwaka 1977 na ambavyo vimekwisha kuvuka mpaka unapokomea upepo wa chembe unaovuma kutoka kwenye Jua, imeniletea barua nyingi kuliko makala yoyote niliyowahi kuandika katika safu hii. Nyingine zimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari la shule, nyingine zimekuja kwa simu. Nimechagua sita, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wasomaji wengi wameuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

Mwalimu, mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu. Nikipanda matatu kwenda Kericho, mtandao hunipotea kwenye vilima, ilhali mnara hauko hata kilomita kumi. Wewe umeandika kwamba chombo kilicho umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24 kinazungumza na Dunia kwa nguvu ya wati 23. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na miwili na jambo hili sijalielewa. Linawezekanaje? – Fundi, Kondele

Fundi, tuanze na kile kinachokukatia mawasiliano barabarani. Simu yako hutawanya mawimbi yake kila upande kwa kuwa haijui mnara uko wapi. Sehemu kubwa huishia kwenye paa la matatu, ardhini na kwenye kilima kilichosimama katikati, na mnara wenyewe unasikiliza simu za mamia ya watu kwa wakati mmoja. Kati ya Voyager 1 na sisi hakuna kilima wala paa. Tena chombo hicho hakirushi mawimbi ovyo. Kina dishi lenye upana wa mita 3.7, yaani futi 12, ambalo lisingeenea katika chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, na dishi hilo huyakusanya mawimbi na kuyaelekeza upande mmoja tu, jinsi kioo cha tochi kinavyoukusanya mwanga wa balbu ndogo ukafika mwisho wa shamba.

Hata hivyo wewe unajua kwamba doa la tochi hupanuka kadiri linavyokwenda mbali. Mawimbi ya Voyager 1 yanapotufikia yametanda juu ya eneo pana kuliko umbali wa kutoka Dunia hadi kwenye Jua, na Dunia yetu ni punje tu ndani ya eneo hilo. Chukua wati moja uigawe mafungu bilioni moja, kisha fungu moja kati ya hayo uligawe tena mafungu bilioni moja: nguvu inayoingia kwenye antena kubwa kuliko zote zinazokisikiliza chombo hicho ni ndogo kuliko fungu lile la mwisho. Ndiyo maana nasema kwamba kazi kubwa haiko kwa anayezungumza bali kwa anayesikiliza. Antena hizo zina upana wa mita 70, unaokaribia upana wa uwanja wa mpira, nazo zimewekwa katika vituo vitatu, California nchini Marekani, karibu na Madrid nchini Hispania, na karibu na Canberra nchini Australia, ili Dunia inapozunguka, upande mmoja ukilipa mgongo eneo fulani la anga, upande mwingine uwe umeligeukia. Kifaa cha kwanza kinachopokea ishara hiyo hupozwa hadi kukaribia ukomo wa baridi, nyuzi 273 chini ya sufuri, kwa kuwa joto lolote ndani ya kifaa huzaa mikwaruzo kama ile unayoisikia redio inapokuwa katikati ya stesheni mbili, na mikwaruzo hiyo ingeimeza sauti dhaifu kama hiyo.

Jambo la tatu ni utaratibu wa kuzungumza. Mtu aliye ng'ambo ya mto haharakishi maneno. Huyatamka moja moja. Voyager 1 kwa kawaida hutuma biti 160 tu kwa sekunde. Picha moja ya megabaiti mbili, ambayo mteja wako huituma kwa WhatsApp kabla hujamaliza kufungua skrubu za simu nyingine, ingechukua zaidi ya siku nzima kwa kasi hiyo. Pia chombo huongeza tarakimu za ziada zinazowawezesha wapokeaji kugundua kosa na kulirekebisha, kama unavyolitaja jina lako kwenye simu yenye kelele herufi kwa herufi, "K ya Kisumu, O ya Oyugis," hata herufi moja ikipotea jina likaeleweka.

Yote hayo hutegemea dishi kuielekea Dunia bila kupotoka. Mnamo Julai 2023 Voyager 2 ilitumiwa amri zenye kosa, ikageuza antena yake nyuzi mbili tu kando ya Dunia, na nyuzi hizo mbili zikatosha kuinyamazisha kabisa. Kituo cha Canberra, ambacho peke yake kina antena inayoweza kuipelekea amri kwa kuwa ilielekea kusini mwa anga, kilirusha ishara kali kadiri kilivyoweza, kwa matumaini kwamba chombo kingeisikia ingawa kilikuwa kimegeuka. Ishara ilisafiri saa 18 na nusu kwenda, na jibu likachukua muda uleule kurudi. Tarehe 4 Agosti jibu lilipokelewa, na dishi lilikuwa limerudi mahali pake.

Kisha kuna tukio ambalo wewe, kwa kazi yako, utalielewa kuliko wasomaji wengine. Novemba 2023 Voyager 1 ilianza kutuma takwimu zisizo na maana yoyote. Baada ya miezi ya kuchunguza, wahandisi waligundua kwamba chipu moja ya kumbukumbu katika kompyuta inayopanga takwimu ilikuwa imekufa, pamoja na sehemu ya programu iliyokuwa ndani yake. Wewe ukikuta chipu iliyoungua huipuliza hewa moto, ukaitoa na kupachika nyingine. Wao hawakuwa na mkono wa kufika huko. Walichoweza kufanya ni kuichukua ile programu iliyokuwa kwenye chipu mbovu na kuihamishia kwingine katika kumbukumbu ileile, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi moja inayotosha kuibeba yote, waliikata vipande, wakavisambaza, kisha wakarekebisha kila mahali palipotaja anwani ya zamani ili vipande viendelee kufanya kazi pamoja. Kompyuta hizo zilibuniwa katika miaka ya 1970, na baadhi ya nyaraka walizozitegemea ni za karatasi za zama hizo. Amri ya kwanza ilitumwa tarehe 18 Aprili 2024, ikasafiri zaidi ya saa 22. Tarehe 20 Aprili jibu lilifika, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano chombo kilieleza hali yake kwa maneno yanayosomeka. Nimewatazama mafundi wengi wakifanya kazi kwenye meza zao hapa Nakuru na huko Kisumu, na sijui ukarabati mwingine unaostahili heshima kuliko huo.

Mwandishi, uliandika kwamba Voyager 1 ilitangulia kurushwa. Kitabu cha mwanangu kinasema ni Voyager 2. Nani mkweli? – Mzazi, Kakamega

Kitabu ni kikweli, na naomba radhi. Voyager 2 ilirushwa tarehe 20 Agosti 1977, na Voyager 1 ikafuata tarehe 5 Septemba. Voyager 1 ilipewa jina hilo kwa sababu njia yake ilikuwa fupi zaidi, nayo ilimpita mwenzake mwaka huohuo na kutangulia kufika kwenye sayari ya Mshtarii.

Hujambo Mwalimu. Mimi ni mkimbiaji, nafanya mazoezi Iten. Nimesikia kwamba kuna gari lililokimbia marathoni huko Mirihi. Lilitumia saa ngapi? – Mkimbiaji, Iten

Sijambo, dada. Gari hilo la roboti lenye magurudumu sita liliitwa Opportunity. Lilitua Mirihi Januari 2004, nalo lilikamilisha kilomita 42.195 tarehe 24 Machi 2015. Kwa hiyo muda wake ni miaka 11 na miezi miwili. Marehemu Kelvin Kiptum, aliyezaliwa na kukulia katika kaunti yenu, alizimaliza kilomita hizohizo kwa saa 2, sekunde 35 mjini Chicago mwaka 2023.

Wewe unakimbia huku unaona. Jiwe likitokea mbele yako, mguu huamua kabla hujafikiri. Dereva wa Opportunity alikuwa Dunia, na kulingana na mahali sayari hizi mbili zilipo katika mizunguko yake, ishara kutoka Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22 kufika kwetu. Picha inayoonyesha shimo mbele ya gari ingemfikia dereva wakati gari limekwisha kutumbukia, na amri ya kusimama ingechukua muda mwingine kama huo kwenda. Kwa sababu hiyo wahandisi hawakuliendesha kama unavyoendesha gari, bali walitazama picha za siku iliyotangulia, wakapanga safari ya siku nzima hatua kwa hatua, wakaituma, wakasubiri. Nyingine kati ya safari hizo zilikuwa za mita chache tu. Pacha wake, Spirit, alinasa katika mchanga laini mwaka 2009 na hakutoka tena.

Utafurahi kujua kwamba Opportunity ilipangiwa siku 90 tu. Wahandisi walidhani vumbi lingefunika paneli zake za sola na kulimaliza nguvu, jambo ambalo kila mwenye sola juu ya paa karibu na barabara ya marram analijua. Walichokuwa hawakukitarajia ni kwamba upepo wa Mirihi ungepita mara kwa mara ukazipangusa paneli hizo, na gari likaendelea mwaka baada ya mwaka, hadi Juni 2018 dhoruba ya vumbi iliyoifunika karibu sayari nzima ilipolizimia jua. Mawasiliano ya mwisho yalikuwa tarehe 10 mwezi huo, na kilomita zake zilikuwa zimefika 45.16.

Mwalimu, mimi nauza mboga sokoni hapa Nakuru, na binti yangu hunisomea safu yako jioni. Watoto wanalala njaa, na wewe unasifu pesa zinazotupwa angani. Nieleze zinatusaidia nini, na usinizungushe. – Mama wa sokoni, Nakuru

Mama, sitakuzungusha. Vyombo hivi havijapeleka unga kwenye sufuria ya mtu yeyote, na anayedai vinginevyo anakudanganya. Kuna jibu ambalo watu hupenda kulitoa, kwamba fedha hazitupwi angani bali hulipwa mafundi na wafanyakazi hapahapa duniani. Ni kweli, lakini silitegemei, kwa kuwa hata barabara isiyokwenda popote hulipa wafanyakazi.

Nitakupa mambo ninayoyaamini. Simu anayoitumia binti yako kupiga picha ina kamera ambayo teknolojia yake ilikuzwa katika miaka ya 1990 na wahandisi wa maabara inayoendesha vyombo vya sayari huko California, waliotaka kamera ndogo isiyokula umeme mwingi. Zuhura, ile nyota ya asubuhi unayoiona ukienda kupokea mboga alfajiri, ilionekana kwa darubini kama sayari iliyofanana na yetu kwa ukubwa, hadi vyombo vya Muungano wa Kisovyeti vilipotua na kukuta joto la nyuzi zaidi ya 450 chini ya hewa nzito ya kaboni dayoksaidi. Venera 13 ilidumu dakika 127 tu pale mwaka 1982. Tulijifunza kwa macho yetu jinsi hewa ya aina hiyo inavyoweza kuzuia joto lisitoke, na wewe unayeona mvua za masika zikibadilika unajua kwa nini jambo hilo linatuhusu. Tena tarehe 26 Septemba 2022 chombo kiitwacho DART kiligongeshwa kwa makusudi kwenye mwamba wa angani uitwao Dimorphos, na muda ambao mwamba huo hutumia kuuzunguka mwenzake mkubwa ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Siku mwamba mwingine utakapoonekana ukielekea huku kwetu, watu watajua kwamba unaweza kusukumwa, maadamu umeonekana mapema.

Hasara nazo zipo, na hii utaielewa bila kuelezwa zaidi. Mwaka 1999 chombo cha Mars Climate Orbiter, kilichogharimu zaidi ya dola milioni 100, kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu kundi moja la wahandisi lilipima kwa vipimo vya Kiingereza na kundi jingine likasoma tarakimu zilezile kana kwamba ni za kimetriki. Ni kama muuzaji kupima kwa gorogoro na mnunuzi kuhesabu kwa kilo, bila mmoja kumwambia mwenzake. Lakini India ilipeleka chombo chake Mirihi mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 74, kikafika kwa jaribio la kwanza.

Kama ningeulizwa kuhusu bajeti ya Kenya, ningeanza na maji na dawa kama wewe. Setilaiti yetu ya Taifa-1, iliyorushwa Aprili 2023, haikwenda kutazama sayari yoyote. Iliinama kutazama mashamba na misitu ya hapahapa, na naona huo ulikuwa uamuzi sahihi. Hata hivyo sitaki binti yako aambiwe kwamba kujua ni kazi ya walioshiba. Anayekusomea safu hii jioni, baada ya siku nzima ya shule, ameshachagua kutaka kujua, nawe umemketisha karibu na taa asome.

Mwalimu, ikweta inapita hapa Maseno karibu na shule yetu. Tumeambiwa roketi hupenda ikweta. Kwa nini basi hazirushwi kutoka hapa? – Wanafunzi watatu, Maseno

Wanangu, mmeambiwa kweli. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na mtu aliyesimama penye ikweta anabebwa kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa bila kuhisi lolote. Huko Florida, ambako Voyager zote mbili ziliondokea, kasi hiyo ni kama kilomita 1,470. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki huanza safari ikiwa na zawadi hiyo. Ndiyo sababu mojawapo ya Ulaya kurusha roketi zake kutoka Kourou, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta, na chombo cha JUICE kinachoelekea kwenye miezi ya Mshtarii kiliondoka huko Aprili 2023. Lakini msiikuze zawadi hiyo kupita kiasi: ni chini ya nusu kilomita kwa sekunde, ilhali kuiaga Dunia kabisa kunahitaji kilomita 11.2 kwa sekunde.

Tatizo la Maseno liko mashariki yake. Roketi huacha vipande vyake njiani mafuta yanapokwisha, na vipande hivyo vingedondokea Vihiga, Nandi na mashamba ya Bonde la Ufa. Inatakiwa bahari upande wa mashariki, na Kenya inayo. Kutoka jukwaa la San Marco la Waitaliano, lililosimama baharini karibu na Malindi, setilaiti ya Marekani ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu bendera yetu ipandishwe, ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kupima anga kwa eksirei, na orodha yake ilifikia vyanzo 339 vya miale hiyo, vingi vikiwa nyota zilizokufa zinazonyonya gesi ya jirani zao. Neno hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya anga vya dunia nzima, na mwalimu wenu akiwaonyesha mtalisoma bila kuhitaji tafsiri.

Kwako Mwalimu. Naishi Busia. Uliandika kwamba Voyager zimebeba sahani ya dhahabu yenye salamu za lugha 55. Je, Kiswahili kimo? Na pia, mwaka 2023 tulituma jina la binti yetu, aliyekuwa Gredi ya Tatu, liwekwe kwenye chombo kinachokwenda Mshtarii. Kweli limo au tulidanganywa? – Baba, Busia

Ndugu yangu, Kiswahili hakimo. Kati ya salamu hizo kuna lugha za Kusini mwa Afrika, kuna Kinyanja na Kiila cha Zambia, na ukivuka mpaka hapo mjini kwenu utawakuta wenye lugha nyingine iliyomo, kwa kuwa Kiganda kinasalimu humo. Lugha yetu, inayosemwa kutoka Lamu hadi Kongo, iliachwa nje, nami kila nikiikumbuka orodha hiyo huniuma, kwa sababu sahani ya shaba iliyopakwa dhahabu haiwezi kuandikwa upya ikiwa bilioni 24 za kilomita kutoka kwa mwandishi.

Kuhusu binti yako, hamkudanganywa, maadamu mlituma kabla mwaka huo haujaisha. Majina zaidi ya milioni 2.6 yalichorwa kwa mwale wa elektroni kwenye chipu ndogo ya silikoni, kwa mistari ya herufi ambayo unene wake haufiki sehemu moja kwa elfu ya unene wa unywele, na chipu hiyo ikafungwa kwenye chombo cha Europa Clipper kilichorushwa tarehe 14 Oktoba 2024. Kinakwenda kuchunguza Europa, mwezi wa Mshtarii ambao chini ya barafu yake wanasayansi wanaamini kuna bahari yenye maji mara mbili ya bahari zetu zote. Hakitatua, kimepangiwa kupita karibu nao mara 49, kikipima unene wa barafu na kuangalia kama mazingira hayo yanaweza kubeba uhai.

Kinatarajiwa kufika Aprili 2030. Kwa hesabu yangu binti yenu atakuwa Gredi ya Kumi, mwaka wake wa kwanza katika sekondari ya juu, na Mshtarii huonekana kwa macho matupu kama nyota nyeupe isiyometameta. Akiwa bwenini, mwambieni atoke nje usiku usio na mawingu aitafute.